Kukopwa: Pamba, Dhahabu na Daftari la Wadai

Msimu wa pamba wa 2019 bei ya kununulia ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita kutoa fedha, na wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa wakaikabidhi pamba kwenye vyama vya msingi na kurudi nyumbani na karatasi. Miezi ikapita. Darasani kwetu tungesema mkulima huyo ameingia kwenye daftari la wadai la mnunuzi. Nyumbani Shinyanga wanasema amekopwa, na naona neno hilo lina uhasibu mwingi kuliko letu.

Nasoma uzamili wa fedha, na hesabu za wadai ni mada inayopitwa haraka. Ankara inapokelewa, inalinganishwa na hati ya kuagiza na hati ya kupokea mzigo, vocha inaandikwa, sahihi zinatafutwa, malipo yanatoka. Tunafundishwa pia kwamba kampuni ikichelewa kulipa bila kuvunja mkataba, imesimamia fedha zake vizuri. Upande wa pili wa ankara hatuufundishwi sana. Mtu akikaa na mali yako siku 90 bila kukulipa, umemkopesha, tena bila riba. Ukilitazama jambo hilo kwa makini, unaweza kuisoma upya historia ya Usukuma.

Zamani za mkoloni ugomvi haukuwa wa siku bali wa mizani. Mkulima alilipwa taslimu, lakini uzito uliosomwa ulikuwa wa mnunuzi, na shaka ya kupunjwa ilikuwa kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani, kijana aliyekuwa ameanza kazi ya ushirika na wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, alizunguka vijijini akiwahimiza wakulima kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutoka kwenye mizani ile vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, uliokuja kuwa kati ya vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Bomani mwenyewe alikuwa Waziri wa Fedha kuanzia 1962 hadi 1965. Napenda kuwakumbusha wenzangu hilo wanaposema karani wa mizani hana maana.

Ushirika ulimwondoa mpimaji wa mnunuzi, lakini ukaleta karani wake. Kilo moja ya pamba sasa ilipita kwenye madaftari kadhaa, na kila daftari lilikuwa na makato yake. Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilikuta watumishi wasio na ujuzi, ubadhirifu, na wanachama wasioelewa fedha zao zinakwenda wapi. Mwaka 1976 vyama vikuu vikafutwa. Viliporudi katikati ya miaka ya 1980, Shinyanga ikapata chama chake kikuu, SHIRECU.

Hapa ndipo kusubiri kulipogeuka mfumo. Mkulima alisubiri chama cha msingi, chama cha msingi kikasubiri chama kikuu, chama kikuu kikasubiri mkopo wa Benki ya Taifa ya Biashara, na benki ikasubiri pamba iuzwe nje. Deni la mwaka huu lilibebwa juu ya deni la mwaka jana. Kufikia miaka ya 1990 mwanzoni benki yenyewe ilikuwa imezama katika mikopo isiyolipika, nyingi ikiwa ya vyama na mashirika ya umma. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Vitabu vingi vinaueleza mwaka huo kama ushindi wa soko huria. Mimi nadhani mkulima wa Kishapu hakuwa na habari na nadharia. Alimwona mtu ana hela mkononi.

Wakati huohuo upande wa dhahabu ulikuwa unaletewa kusubiri kwa aina mpya. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Mchimbaji mdogo bado aliuza gramu zake kwa taslimu, lakini anayeuzia mgodi mkubwa mboga, sare au usafiri aliingia kwenye masharti ya siku 30, siku 60. Kanuni za 2018 ziliitaka migodi iwape kipaumbele wasambazaji wa ndani. Ni jambo jema. Lakini VAT ya asilimia 18 inahesabiwa tangu ankara inapotolewa, na ritani yake inatakiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mgodi uwe umelipa au la. Kabla ya kurudi chuo nilifanya kazi miezi minane kwenye ofisi ndogo ya wasafirishaji Kahama. Tarehe 18 bosi alikuwa hasemi na mtu. Alikuwa anatafuta wa kumkopa ili alipe kodi ya fedha ambayo hajaishika.

Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha makinikia. Julai kampuni ya Acacia ikapelekewa madai ya kodi, riba na adhabu ya dola bilioni 190, huku nayo ikilalamika kwamba inaidai serikali marejesho ya VAT. Septemba Bulyanhulu ikatangaza kupunguza shughuli. Wafanyakazi wakaondoka, na kazi za wasambazaji zikaondoka nao. Mazungumzo yalichukua miaka, yakaishia kwenye dola milioni 300 zilizopangwa kulipwa kwa awamu na kampuni ya ubia, Twiga. Milioni 100 za kwanza zililipwa Mei 2020.

Kwa hiyo deni kubwa kuliko yote katika kanda hii lilipata wanasheria, kamati mbili za rais, muda wa kujadiliana na ratiba ya malipo. Mwenye lori mbili Kahama ana namba ya simu ya ofisi ya malipo ya mgodi, na akipiga anaambiwa vocha yake ipo kwenye sahihi.