Mchoraji na Yungiyungi Lake

Wasikilizaji, sisi wa Cheyo, mjini Tabora, twaikanyaga nchi iliyopitwa na misafara mingi ya wapagazi. Mwezi wa Januari 1861 waliwasili hapa, palipokuwa pakiitwa Kaze, Speke na Grant, waliotoka pwani Oktoba 1860. Grant alikuwa hodari wa kuchora kwa rangi za maji, tena alikusanya mimea akaikausha. Maelezo ya mimea hiyo yalichapwa London toka 1872 hata 1875. Walakini msafiri hana kituo: ua alionalo leo, kesho yu mbali nalo.

Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, alikaa. Mwaka 1893 alinunua kipande cha ardhi kijijini Giverny, akachimbisha bwawa, akapanda mayungiyungi, ndugu za haya tuyaonayo mabwawani kwetu wakati wa masika. Aliyachora asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, hata picha zikapata kama 250. Mwaka 1912 waganga walimwambia ana mtoto wa jicho. Rangi nyekundu ikamwonekea kama tope, naye hakuacha. Alipasuliwa jicho mwaka 1923, akachora mpaka karibu na kufa kwake, 1926. Picha zake kubwa aliipa nchi yake, zikafunuliwa kwa watu Paris mwaka 1927.

Je, alirudia jambo lile lile? La. Ua lilikuwa moja, bali mwanga na maji havikufanana hata siku moja. Basi sisi tutekao maji bwawani kila siku, ua lile tumelitazama mara ngapi?