Simba wa Banda Street
Babu yangu alikuwa mbeba mizigo Bazaar Street, ile tunayoita Biashara Street siku hizi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kila siku alipita karibu na jengo lenye nguzo kubwa na simba wawili wa mawe mlangoni. Alidhani ni korti. "Nyumba kubwa hivyo, na Mwafrika haingii ila awe na ufagio, ingekuwa nini kingine?"

Ilikuwa maktaba.

McMillan Memorial Library ilifunguliwa 1931. Lucie McMillan ndiye aliyeijenga kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri Mmarekani aliyezaliwa St. Louis, akaja huku kuwinda, akaishia kumiliki ardhi kubwa upande wa Juja na Ol Donyo Sabuk. Alifariki 1925, na ukipanda ule mlima leo utapita kaburi lake njiani. Mjane alimjengea nyumba ya vitabu katikati ya tao, sawa, lakini hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Msikiti wa Jamia uko hapo hapo jirani. Hebu fikiria Mhindi anayetoka kuswali, anaona rafu za vitabu dirishani, na hawezi kuingia hata kuuliza saa.

Mwaka wa 1962 Baraza la Jiji likaichukua, na ikapata watoto wawili Eastlands: tawi la Kaloleni na lile la Makadara. Kwangu hapa ndipo hadithi inapoanza kuwa yetu. Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya arobaini kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na ukumbi wake ulishuhudia mikutano mingi ya siasa kabla ya uhuru. Maktaba iliwafuata watu walikokuwa wanaishi.

Mimi ni wa Makadara. Nilipokuwa fom foo tulikuwa watu sita kwenye chumba kimoja, na redio ya jirani haikuwa na habari ya mitihani. Nilikuwa nafika maktaba kabla mlango haujafunguliwa. Nikisema ukweli, vitabu vya kule nilivigusa kidogo sana. Wengi wetu tulikuja na vyetu kwenye begi. Tulichotaka ni meza, kiti, na mtu mzima wa kusema "shhh". Ukienda chooni bila kuacha sweta kitini, umekipoteza.

Ndiyo maana nilifurahi nilipoona shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, likishirikiana na kaunti kukarabati maktaba zote tatu, na Makadara na Kaloleni hazikuachwa zisubiri ile ya tao imalizwe kwanza. Lakini bado ni tatu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 4.3 Nairobi. Ongeza zile za serikali kuu, kama ya Buruburu, na hesabu bado inakataa. Na usiniambie kila mtu ana simu. Simu haina meza.

Babu aliingia McMillan mara moja tu, na ni mimi niliyempeleka, akiwa amepita miaka themanini. Alimpapasa simba mmoja kichwani kama mbuzi. McMillan ina magazeti ya tangu mwanzo wa karne iliyopita, na yeye alijua anachotaka: Aprili 1954. Huo ndio mwezi wa Operesheni Anvil, wanajeshi walipouzingira mji na kukamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Yeye alikamatwa akiwa na gunia la mchele mgongoni, akapelekwa Lang'ata kuchujwa, kisha Manyani. Gunia liliachwa barabarani.

Gazeti ni la Kiingereza, kwa hivyo nilimsomea nikigeuza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Idadi ya waliokamatwa. Maneno ya wakubwa. Alisikiliza huku ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Majina?" akauliza.

Hakukuwa na majina.

Nikafungua ukurasa uliofuata, na pale chini pembeni kulikuwa na tangazo la duka la Bazaar Street. Aliitambua anwani kabla sijaisoma. Akaniambia nimsomee bei ya mchele.