Viongeza utamu bandia

Viongeza utamu bandia ni kemikali zinazotumika badala ya sukari katika vyakula na vinywaji, hasa soda zisizo na sukari. Mifano ni sakarini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1879, aspartamu (1965) na sukralosi. Aspartamu ni tamu kuliko sukari takriban mara 200, hivyo kiasi kidogo sana kinatosha.

Athari kwa afya

Viongeza hivyo havipandishi sukari ya damu kama sukari ya kawaida, wala haviozeshi meno. Hata hivyo, asidi iliyomo katika soda huweza kumomonyoa tabaka la nje la meno.

Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri visitumike kama njia ya kupunguza uzito. Ushauri huo hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Mwezi Julai 2023 aspartamu iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani (kundi 2B), kwa kuwa ushahidi ni mdogo. Kiwango cha juu kwa siku kilibaki miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili: mtu wa kilo 70 angekipita kwa kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 ya soda yenye aspartamu.

Wenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria hawapaswi kutumia aspartamu.

Nchini Tanzania

Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).