Mkapari

Mkapari (Capparis spinosa) ni mmea wa miiba unaotambaa kwenye nyufa za miamba na kuta kuukuu kandokando ya Bahari ya Mediteranea. Carl Linnaeus aliuelezea kisayansi mwaka 1753. Mizizi yake huzama mbali mwambani, ndiyo maana hubaki kijani kibichi kiangazi kizima pasipo mvua. Ua lake ni la kustaajabisha: petali 4 nyeupe, katikati stameni nyingi ndefu za zambarau, na kesho yake limeshanyauka. Wengi hawalioni kamwe, kwa kuwa matumba huchumwa yangali yamefumba, kisha hutiwa chumvi yawe kiungo cha chakula. Kisiwa cha Pantelleria, Italia, kinasifika kwa zao hili. Nduguye, Capparis cartilaginea, huota Omani na pwani ya Kenya.