Tashkota katika Taarabu ya Pwani ya Kusini
Taarabu ya harusini katika pwani ya Kwale, kuanzia Diani na Msambweni hadi kisiwa cha Funzi, imechota mengi kutoka Mombasa, ambako tashkota, yaani kinanda kidogo cha nyuzi kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na Morita Goro, ilipata makao mapya. Tofauti na hapsikodi ya Ulaya, ambayo vitufe vyake huchokoa nyuzi vyenyewe, vitufe vya tashkota hubana uzi tu, huku mkono wa pili ukiuchokoa kama ufanyavyo wa mpiga gitaa. Vikundi vya waimbaji wa taarabu Juma Bhalo na Zuhura Swaleh viliipa sauti kali ya tashkota hadhi ya utunzi, ubunifu unaostahili heshima kubwa zaidi, wakati Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alishikilia ala ya udi.