Walisubiri Brawl, Wakarudi kwa Melee

Gemu ya kupigana ikitangaziwa toleo jipya, wasee huanza kuzika ile waliyo nayo kabla mpya haijatoka. Nimeiona hii tabia kwa watu wa Tekken, nimeiona kwa watu wa Street Fighter, na kila mara nakumbuka historia moja ambayo mtu yeyote anayeshika padi anafaa kuijua. Ni ya Super Smash Bros. na wachezaji wake wa Marekani, kuanzia 2005 hivi. Ndiyo, ile gemu ya kina Mario na Pikachu. Usicheke bado.

Nintendo walitoa Super Smash Bros. Melee mwishoni mwa 2001, kwa konsoli ya GameCube. Ukiiangalia juu juu ni gemu ya besdei ya watoto: watu wanne kwa skrini moja, mabomu yanadondoka kutoka juu, kila mtu anapiga kelele. Hushindi kwa kumaliza damu ya mwenzako kama kwa Tekken, unashinda kwa kumrusha nje ya jukwaa. Lakini kuna wasee waliifungua hiyo gemu mpaka ndani. Walizima vitu vyote vinavyodondoka, wakachagua majukwaa machache ya haki, wakabaki mtu kwa mtu. Halafu wakaanza kugundua mambo.

Maarufu zaidi inaitwa wavedash. Unaruka, na kabla hujapanda juu unakwepa kwa mshazari kuelekea chini. Mhusika anateleza sakafuni kama aliyekanyaga sabuni, na akiteleza hivyo bado anaweza kupiga. Kijitabu cha gemu hakikufundishi hilo. Kuna na ile ya kubonyeza kitufe sehemu ndogo sana ya sekunde kabla ya kutua ili mhusika asikwame chini. Kila shambulizi la hewani, kila mara, mechi nzima. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo lichukue neno langu utakavyo, lakini sijawahi kuona darasa lenye nidhamu kama hilo. Watu walikuwa wanahesabu fremu moja moja na kuandikiana matokeo, na hakuna lekchara aliyewatuma.

Pesa ikafuata. Kati ya 2004 na 2006, ligi ya MLG ilikuwa inazungusha mashindano ya Melee miji tofauti ya Marekani. Ken Hoang, kijana wa California, ndiye alikuwa mfalme wa enzi hizo. (Baadaye alienda kwenye kipindi cha Survivor, msimu uliopigwa Gabon. Kweli, cheki mwenyewe.) Mwaka 2006 fainali ya taifa ikachezwa Las Vegas, PC Chris akaondoka na dola 10,000.

Sasa hapa ndipo hadithi inaanza.

Mwezi wa Mei 2005, Satoru Iwata, bosi wa Nintendo, alisimama mbele ya waandishi wa habari na kusema konsoli yao ijayo itapata Smash mpya, na itachezwa kupitia intaneti. Tatizo ni kwamba kazi haikuwa imeanza. Masahiro Sakurai, mtu aliyetengeneza Smash zote mbili za kwanza, alikuwa ameshaacha kampuni yake ya zamani, na hizo habari alizisikia kama wewe na mimi tungezisikia. Iwata alimtafuta baadaye kumwomba aongoze. Hebu fikiria: watu walianza kusubiri gemu ambayo hata mwenye kuitengeneza hajui anaitengeneza.

Mei 2006 trela ya kwanza ikatoka, mwishoni akajitokeza Snake wa Metal Gear, mhusika ambaye si wa Nintendo, na watu wakapagawa. Kuanzia Mei 2007, Sakurai akafungua tovuti iliyoweka habari mpya ya Brawl kila siku ya kazi: leo mhusika, kesho wimbo, keshokutwa jukwaa. Karibu mwaka mzima. Ukitaka kujua jinsi ya kumfanya mtu asahau alicho nacho mkononi, mpe kijiko kimoja cha kitu kipya kila asubuhi.

Na walisahau. MLG walikuwa wameshaitoa Melee kwa ratiba. Agosti 2007 Evo, mashindano makubwa zaidi ya gemu za kupigana, yakaiweka Melee, Ken akashinda, na baada ya hapo akaiacha. Wengi waliona ni sawa tu, kwa sababu hesabu yao ilikuwa rahisi: Brawl itakuwa Melee yenye sura nzuri na wahusika wengi. Ujuzi wetu tutauhamisha, kama laini ya simu.

Oktoba 2007 kukawa na maonyesho ya gemu Los Angeles, yakiitwa E for All, na Brawl ikawekwa hapo watu waicheze. Wachezaji wa Melee walienda wakiwa na swali moja. Wakaruka, wakakwepa kwa mshazari. Hakuna kilichotokea. Mhusika alikwepa papo hapo hewani, basi. Wavedash haikuwepo, ile mbinu ya kutua haikuwepo, mwendo wote ulikuwa wa pole. Habari ikasambaa usiku huohuo. Kuna waliosema ni demo tu, itarekebishwa. Tarehe ilikuwa imeshasukumwa kutoka Desemba hadi Februari 2008, ikasukumwa tena hadi Machi 9, na kila kuchelewa kukawa sababu mpya ya kutumaini.

Ilipotoka, walikuta kitu kibaya zaidi ya walichoogopa. Mhusika akianza kukimbia, mara mojamoja anajikwaa na kuanguka. Bila sababu. Hujakosea popote, kompyuta imerusha tu kete. Sioni tusi kubwa kuliko hilo kwa mtu aliyetumia miaka sita kuondoa bahati kwenye mchezo.

Nimtetee Sakurai kidogo. Amewahi kueleza hadharani kwamba Melee iliwafukuza wachezaji wengi kwa sababu ilikuwa ya kiufundi mno, na hiyo ni kweli. Ingia mechi na mtu anayeijua uone kama utagusa ardhi. Wii ilikuwa inauzwa hadi kwa mabibi na mababu. Yeye alitaka watu wengi wacheze. Hakuwa na deni na mashindano. Hiyo ndiyo sehemu inayouma: watu walikuwa wanajiandaa kwa gemu iliyokuwa inaandaliwa kwa mtu mwingine.

Wengi walihamia Brawl hata hivyo, maana ndiko watu waliko. Evo 2008 iliicheza vitu vikiwa vimewashwa, vurugu tupu. MLG waliichukua 2010. Mhusika mmoja, Meta Knight, alikuwa na nguvu mpaka 2011 kamati ya kanuni ikaamua kumpiga marufuku. Wengine waliivunja Brawl yenyewe kwa programu na kuijenga upya ifanane na Melee. Wakaiita Project M.

Lakini wachache hawakuhama. Julai 2009, mji mdogo wa Antioch, California, ukafanya mashindano yaitwayo Genesis. Armada, kijana kutoka Sweden, alivuka bahari kwa ajili ya gemu iliyosemekana imekufa, akafika fainali akapigwa na Mango. Halafu 2013 Evo wakaacha nafasi moja wazi: jamii itakayochangia zaidi utafiti wa saratani ya matiti ndiyo itakayoingia. Melee wakaleta zaidi ya dola 94,000. Siku chache kabla ya mashindano Nintendo wakajaribu kuzuia isionyeshwe laivu. Mtandao ukawaka, wakabadilisha msimamo siku hiyohiyo. Mango alishinda, watu zaidi ya 100,000 wakitazama kwa wakati mmoja. Gemu ya miaka kumi na miwili.

Mtu ataniambia mwisho ni mzuri basi. Si kabisa. Mwaka 2020, wakati wa korona, mashindano ya Big House yalipotaka kucheza Melee kwa intaneti kwa programu ya mashabiki, Nintendo walituma barua ya kuwazuia, na yakafutwa. Diski ni yako, ujuzi ni wako, jina lililo juu ya bango si lako.

Halafu kuna mambo ya TV. Melee ya GameCube huchezwa kwa zile TV nzito zenye mgongo mrefu, maana flati zinachelewesha picha kidogo na kidogo hicho kinatosha kukuua. Hakuna anayezitengeneza tena. Kwa hivyo mashindano yakikaribia, waandaaji huwaomba wachezaji waje nazo, na kuna wanaompunguzia kiingilio anayebeba yake kutoka nyumbani.