Nyasi za Chuo, Ndoo ya Babu na Barua za 1929

Kitambo sijaonekana, testi zilinibana. Leo nawaletea historia kidogo, msikimbie.

Juzi natoka maktaba hapa Malimbe nikamkuta mzee wa bustani anaandaa mipira ya kumwagilia nyasi. Masika yamekata, kiangazi kinaingia, kwa hiyo anaziba matundu kwa raba na kubana maungio. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, maji yapo pale chini, kazi ni kuyapandisha." Wenzetu wa Ulaya baridi ikikaribia wanayatoa maji kwenye mabomba yasigande yakayapasua. Sie ndo kwanza tunafungulia.

Nikamkumbuka babu kule Magu. Shamba lake la nyanya linatazamana na ziwa, lakini kila kiangazi anamwagilia kwa ndoo. Mwaka juzi mgongo ulimgomea, nyanya zikakauka huku maji anayaona. Kwa nini jamani?

Sehemu ya jibu ipo kwenye madaftari yetu. Mei 7, 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua: bila Misri kukubali, kusijengwe mradi wa umwagiliaji wala umeme kwenye Nile na maziwa yanayoilisha, katika nchi zilizo chini ya Uingereza, kama mradi huo utaidhuru Misri kwa kupunguza maji yake. Tanganyika tulikuwa humo. Msukuma wa Magu hakuulizwa.

Baada ya uhuru Tanganyika ikagoma. Julai 4, 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani kwamba makubaliano yale hayaifungi. Mwaka 1963 Misri ikajibu kuwa bado yana nguvu mpaka yapatikane mengine. Mvutano ukaendelea miaka na miaka. Tanzania ikajenga bomba kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama, likazinduliwa 2009, ila hilo zaidi ni la maji ya majumbani. Mei 14, 2010 Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zikasaini mkataba mpya pale Entebbe. Umeanza kutumika Oktoba 13, 2024, bila saini za Misri na Sudani.

Sasa hoja yangu. Ni rahisi kumtupia Mwingereza lawama zote tukaenda kulala. Lakini sisi wenyewe tulisema karatasi ile haitufungi tangu 1962, na ndoo ya babu inaendelea mpaka leo! Siku hizi kinachomkwamisha ni pampu, bomba na hela ya mafuta. Nikianza kufundisha, somo la 1929 nitaliingia kwa ndoo kwanza, tarehe baadae.

Boom likitoka nachanga na kaka zangu tumnunulie mzee pampu ndogo kabla kiangazi hakijakolea. Mniombee lisichelewe.

Tuko pamoja!